TAHADHARI: Hizo "sauti za wazawa" anazouza zimesomwa na kompyuta

Wadau mnaojitengenezea kadi za Anki (programu ya kukariri kwa kadi) na vijitabu vya kujifunzia lugha, kaeni macho. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi akinadi vifurushi vya matamshi: maelfu ya maneno, lugha yoyote uitakayo, eti yamerekodiwa studio na wazawa wa lugha. Sampuli anayokutumia ni safi, na kweli ni mtu anayezungumza. Ukishalipa unaletewa vitu vingine kabisa.

Kifurushi nilichopewa mimi, sehemu kubwa imesomwa na kompyuta. Iliyobaki imekwapuliwa Forvo na Lingua Libre, ambako watu hujitolea kurekodi maneno ya lugha zao, na majina ya waliorekodi yamefutwa. Hilo la pili ndilo lililonikera zaidi. Rekodi za Lingua Libre zimehifadhiwa Wikimedia Commons, hazina ya wazi ya picha na sauti, unazipakua bila kulipa chochote, na nyingi zina sharti la kumtaja aliyerekodi. Za Forvo haziruhusiwi kuingizwa kwenye biashara bila kibali. Kwa hiyo ukiziweka kwenye kozi unayouza, kesi ni yako. Yeye atakuwa ameshabadilisha jina la akaunti.

Sina ugomvi na sauti za kompyuta zenyewe. Anayeziuza aseme ni za kompyuta, na bei ifanane na kitu chenyewe.

Tatizo ni kwamba siku hizi sikio peke yake halitoshi kuzitambua. Mtegeeni kwa maneno yanayoandikwa sawa lakini mkazo unahama, mfano barabara ya magari na barabara ya "sawasawa". Kompyuta ikipewa neno tupu bila sentensi mara nyingi husoma yote mawili kwa namna moja. Kisha sikilizeni kimya kilichopo kabla na baada ya neno. Chumba halisi kina mvumo wake, hata studio. Kimya cha kufa kabisa kinatia shaka, ingawa wapo wanaokisafisha makusudi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni Audacity, programu ya kuhariri sauti, nayo ni ya bure. Fungua faili, badilisha mwonekano uwe wa spektrogramu (picha ya masafa ya sauti, ya chini yakiwa chini na ya juu yakiwa juu), tazama juu. WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya kweli yenye kiwango cha sampuli cha 44.1 kHz inaweza kubeba sauti hadi karibu nusu yake, yaani 22 kHz. Ukikuta imekatwa kwa mstari mnyoofu kwenye 11 au 12 kHz, imetoka kwenye faili la 22.05 au 24 kHz, na mitambo mingi ya kusoma maandishi hutoa viwango hivyo. Ikikatika karibu na 16 kHz, yaelekea ilikuwa MP3 (faili lililobanwa) ya 128 kbps iliyovishwa kanzu ya WAV. Faili limenenepa tu, kilichopotea hakijarudi. Kwa mwanafunzi hili si dogo, maana s, f na th hutegemea sana masafa ya juu, na MP3 iliyobanwa mno huzivuruga mapema.

Halafu kuna ukataji. Maneno ya Kiingereza yanayoishia na t au k yalikuwa yamenyofolewa mwisho, kwa sababu programu iliyokata iliona pumzi ile ndogo ni kimya. Mwanafunzi atakariri hivyo hivyo.

Ukidai fedha zako, jibu lake ni kwamba bidhaa ya dijitali hairudishwi. Kwa hiyo msilipe yote mwanzoni. Chagueni maneno nyinyi wenyewe, msikubali orodha yake, na mwombeni msomaji ayaseme mkiwa naye kwenye simu ya video. Huyu wangu nilipomwomba hivyo, msomaji alikuwa "safarini" kila siku. Takeni pia ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye sauti, ikisema mnaweza kuzitumia wapi.

Waliokwisha kulipa: pigeni picha mazungumzo yote na risiti kabla hajafuta, kisha leo hii pelekeni malalamiko kwenye huduma mliyotumia kulipa, kwa kuwa nyingi zina muda maalumu wa kudai.