Verdugo: kumkwepa au kumgandisha?

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanga, hapa Kigoma, ubishi wa Resident Evil 4 ya mwaka 2005 hauishi, na bosi, yaani adui mkubwa wa kupigana naye, anayebishaniwa zaidi ni Verdugo, yule mwenye mkia anayekushambulia kutoka darini na sakafuni.

Njia ya kwanza: mkwepe hadi lifti ifike, uondoke zako. Risasi zinabaki, lakini unatoka mikono mitupu.

Mimi nasimama na njia ya pili. Msubiri asogee, kisha angusha mtungi wa nitrojeni. Akiganda, silaha zinamuumiza kweli. Hapo ndipo pa kutumia shotgani, maana kabla ya hapo risasi nyingi zinapotea bure. Mwenye roketi, inayouzwa peseta 30,000 za ndani ya gemu, anammaliza kwa pigo moja akiwa ameganda. Na akifa anaacha kito cha kupachika kwenye taji, ambalo mchuuzi wa ndani ya gemu hulinunua kwa bei nono! Mitungi ni michache, kwa hiyo usiiangushe kwa hofu.

Kukimbia ningemshauri tu aliyefika pale bila roketi, na risasi zikiwa za kuokoteza.