Kifuniko cha Tangi la Samaki: Nini Ununue Kwanza Ukiwa Mwanza

Wengi wetu tunaofuga samaki majumbani hapa Mwanza hununua tangi, pampu na taa, na kifuniko tunakikumbuka siku tunapomkuta furu, yule samaki mdogo wa Ziwa Victoria, sakafuni. Wangu nilimkuta asubuhi nyuma ya kabati, vumbi limemganda hata rangi yake ya buluu haionekani, ilhali tangi lilikuwa limefunikwa lote isipokuwa pengo la upana wa vidole viwili, mahali nilipopitisha bomba la pampu. Tangu siku hiyo nimetengeneza vifuniko vya vioo, wavu na plastiki, na mpangilio ninaoutoa hapa unatokana na jinsi kila kimoja kilivyokaa juu ya maji.

Kwa tangi la kawaida la sebuleni, naweka kioo cha milimita 4 nafasi ya kwanza, bila kusita. Hakipindi, hakinyonyi maji, kinapitisha mwanga, na uzito wake ni faida kwa anayefuga kambare, samaki mwenye nguvu za kusukuma na kuinua chochote chepesi usiku kucha. Mita moja ya mraba ya kioo hicho ina uzito wa kilo 10, kwa hiyo tangi lenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 40 linahitaji kifuniko cha kilo 4. Kwa sababu hiyo mwombe fundi vioo akate vipande viwili, cha nyuma kikae bila kuguswa na cha mbele kiwe cha kufungua wakati wa kulisha. Pima mwenyewe kwa futi kamba sehemu mbili au tatu kabla ya kwenda dukani, kwa kuwa matangi yanayogundishwa mitaani mara nyingi hayana pembe zilizonyooka sawasawa, kisha punguza milimita 3 ili kipande kisikwame. Hakikisha kingo zote zimesagwa, kwani kingo ghafi hukata vidole vilivyolowa kabla hujahisi maumivu. Nafasi ya bomba na waya ipatikane kwa kukata pembe ya nyuma kimshazari. Ukidai pengo la mraba ndani ya kioo, ufa utaanzia kwenye kona hiyo.

Asiyetaka kununua kioo kipya atafute vioo vya luva kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi vilivyotumika. Nyumba nyingi za zamani zinabadilishiwa madirisha na kuwekewa ya aluminiamu, na vioo hivyo vyenye upana wa takriban sentimita 15 huwa vimekwisha kulainishwa kingo zake ndefu tangu kiwandani. Vipange kimoja baada ya kingine, kutoka mbele kwenda nyuma, na utaweza kuondoa kimoja tu unapolisha. Kwa maoni yangu, hakuna kifuniko kinachomfaa zaidi mtu anayeanza.

Nafasi ya pili ni wavu uliofungwa kwenye fremu ya aluminiamu, na kwa baadhi ya nyumba ningeupandisha uwe wa kwanza. Ikiwa chumba kina bati juu na hakina dari, joto la mchana hupanda sana, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Umeme nao ukikatika na pampu ikasimama, uso wa maji ulio wazi kwa hewa ndio unaowaokoa samaki. Wavu pia unawazuia wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi juu ya maji, hasa siku za mwezi mwandamo, na kuingia ndani wakifuata taa. Furu watakula baadhi yao kwa furaha, lakini rundo linalobaki huoza na kuchafua tangi zima. Fundi wa madirisha ya aluminiamu atakutengenezea fremu hiyo kwa muda mfupi, mara nyingi kwa kutumia vipande vilivyobaki. Sisitiza kwamba wavu uwe wa plastiki au faibaglasi. Usikubali waya wa mabati wala wa shaba, kwa sababu unyevu unaodondoka kutoka kwenye waya huo hurudisha zinki au shaba ndani ya maji, na madini hayo ni sumu kwa samaki. Kasoro yake ni kwamba maji hupungua haraka, na taa haiwezi kulazwa juu yake. Ni lazima itundikwe imara.

Shuka za polikaboneti, yaani plastiki ngumu, zenye mifereji ndani nazipa nafasi ya tatu. Zinakatwa kwa kisu na ni nyepesi sana, jambo linalomfaa mwenye tangi kubwa lakini si mwenye kambare, labda aweke kitu kizito juu. Ziba ncha za mifereji kwa gundi ya silikoni, la sivyo itaota ukijani ambao hautaweza kuusugua.

Akriliki, plastiki angavu inayofanana na kioo, ni ya nne, ingawa dukani ndiyo inayovutia macho. Niliambiwa na muuzaji mmoja kwamba haitapinda kamwe, nikanunua ya milimita 3. Haukupita muda, katikati ilikuwa imebonyea kuelekea majini na pembe zote nne zimeinuka, kwa kuwa upande wa chini hunyonya unyevu na kutanuka huku wa juu ukibaki mkavu. Anayeitaka lazima anunue nene zaidi, na hapo bei yake inapita ya kioo.

Plaiwudi usiinunue kwa kazi hii. Hata ikipakwa rangi, mvuke huingia kingoni na tabaka zake huachana.

Kwa kubandika kishikio, nunua silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Ile inayonuka kama siki wakati wa kukauka ndiyo inayotumiwa sana kwa matangi. Iache angalau saa 24, na usirudishe kifuniko hadi harufu iishe kabisa. Waya wa pampu uushushe chini ya kiwango cha soketi kabla haujapanda kuingia ukutani, ili tone linaloteleza juu yake lidondokee sakafuni. Mwisho, acha sentimita 5 au zaidi kati ya maji na kifuniko, kwani kambare huja juu kuvuta hewa, na kamongo mkubwa, samaki anayepumua kwa mapafu, akikosa nafasi hiyo hufa maji akiwa ndani ya maji.