English Grammar in Use: kinafundishaje kilichotangulia na kilichofuata?

Kitabu cha Raymond Murphy, English Grammar in Use, cha Cambridge University Press, kipo sokoni tangu 1985, na toleo la tano lilitoka 2019. Kina masomo 145. Kila somo limekaa kwenye kurasa mbili zinazotazamana: kushoto maelezo, kulia mazoezi. Hapa tunakipima kwa jambo moja tu, linalowapiga chenga hata watu wanaoandika Kiingereza kazini kila siku: namna ya kusema kwamba tendo hili lilitangulia lile.

Kwa jambo hilo kitabu kinafaa sana, ila usikisome kwa mfululizo. Habari yenyewe imetawanywa katika somo la 15, 24, 25, 60, 68 na 120. Anayeanza ukurasa wa kwanza na kusonga mbele kwa utaratibu atafika la 60 akiwa ameshasahau la 15. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili tunashauri uanze na la 60, urudi 25, kisha 15, ndipo uende 120 na 24. La 68 liache mwisho.

Kwa nini 60? Kwa sababu linatibu kosa linaloonekana haraka kuliko yote. "Kabla ya kula" huwafanya wengi waandike "before to eat", maana "ku-" yetu na "to" yao zinafanana kazi mara nyingi. Hapa hazifanani. Neno kama "before" au "after" likitangulia kitenzi moja kwa moja, kitenzi huchukua "-ing": "before eating", "after washing the rice". Somo ni jepesi na mazoezi yake hayachoshi.

Somo la 25 ndilo tunaloliona bora kuliko yote haya. Linahusu wakati ujao, na Mswahili huanguka hapa kwa sababu lugha yake ina "nitakapofika". Akihamisha "-ta-" hiyo kama ilivyo, anapata "When I will arrive, I will call you". Kiingereza huweka "will" upande mmoja tu, ule wa tendo kuu. Upande wa "when", "before", "after", "until" na "as soon as" hubaki na umbo la sasa: "When I arrive, I will call you". Kisha somo linaongeza jambo la pili, kwamba baada ya baadhi ya maneno hayo unaweza kutumia "have" na kitenzi cha umbo la tatu (kama "gone" au "eaten") kuonyesha kuwa tendo la kwanza litakuwa limekwisha kabla la pili halijaanza. Maelezo ya kitabu hapo ni mafupi, lakini sisi tuna chombo tayari: ni "-kisha-". "Nikishamaliza nitakuja" ni "When I have finished, I will come". Ukiweza kutia "-kisha-" katika sentensi yako ya Kiswahili bila kuharibu maana, "have" inakubalika. Ikiwa matendo mawili yanakwenda pamoja, kama "ukimpigia Asha, msalimie", iache: "When you phone Asha, greet her for me".

Somo la 15 linataka utulivu. Linafundisha "had" na umbo la tatu, na linaweka bayana tofauti kati ya sentensi mbili ambazo wanafunzi huzichanganya. "When we arrived, the bus left" maana yake tulifika, ndipo basi likaondoka. Pengine tuliliona likitoka. "When we arrived, the bus had left" maana yake basi lilikuwa limeondoka, hatukulikuta. Kiswahili kinatenganisha hayo vilevile kwa "likaondoka" na "lilikuwa limeondoka", kwa hiyo mwenye masikio mazuri ya Kiswahili hahitaji kukariri. Atafsiri "alikuwa ame-" na "alikuwa amesha-" kwa "had", na "-ka-" kwa umbo la kawaida la wakati uliopita. Ukipanga matukio kwa mfuatano wake, la kwanza, la pili, la tatu, huna haja ya "had" hata mara moja: "She locked the shop, counted the money and went home". "Had" inaingia pale msimulizi anaporudi nyuma.

Makosa yanayobaki baada ya somo hilo ni matatu. La kwanza ni kutumia "had" pasipo tendo la pili la kulinganisha nalo: "Yesterday I had gone to the market". Hii inatokana na "jana nilikuwa nimeenda sokoni", inayosemwa ovyo bila kitu kilichofuata. Kama habari inaishia hapo, "I went" inatosha. La pili ni umbo la kitenzi: "had went", "had ate". Dawa yake imo kwenye kiambatisho cha 1, chenye orodha ya vitenzi visivyo vya kawaida. Safu ya tatu ndiyo ya kukariri. La tatu ni "'d", kwa kuwa "I'd" yaweza kuwa "I had" au "I would". Tazama kinachofuata: "I'd gone" ni "had", "I'd go" ni "would". Kiambatisho cha 5 kinalieleza.

Sasa kasoro kubwa. Kitabu kimeandikwa kwa watu wa lugha zote, hivyo hakijui mtego wetu mbaya kuliko wote: "kabla hajafika". Kiswahili kinataka kukanusha hapo, Kiingereza hakitaki. Matokeo yake ni "before he has not arrived" au "before he didn't come", sentensi ambazo Mwingereza hazielewi kabisa. Msomaji aweke alama ya penseli pembeni mwa somo la 15: baada ya "before", futa "not". "Tuliondoka kabla hajafika" ni "We left before he arrived". Ukitaka kusisitiza kuwa tendo halikuachwa likamilike, kama "alinikata kauli kabla sijamaliza", waweza kusema "before I had finished". Hakuna zoezi la kitabu litakalokukamata kwa kosa hili, kwa sababu mazoezi mengi ni ya kujaza nafasi na muundo wa sentensi umeshapangwa. Tunga zako kumi, umwonyeshe mtu anayejua.

La 120 linatenganisha "by" na "until", ambazo kwetu zote huweza kuwa "mpaka", na lina "by the time": "By the time we arrived, they had eaten". La 24 ni hilohilo kwa wakati ujao, "tutakuwa tumemaliza", "we will have finished".

La 68 lina "having finished". Ni muundo wa maandishi zaidi kuliko mazungumzo, na una sharti moja: mtendaji wa sehemu zote mbili awe yuleyule. "Baada ya kufika ofisini, mlango ulikuwa umefungwa" inapita kwetu bila tatizo. "After arriving at the office, the door was locked" inamaanisha mlango ndio uliofika. Andika "When I arrived at the office, the door was locked".

Kuhusu kununua: chukua toleo lenye majibu, maana lipo pia lisilo na majibu, na kwa anayejisomea mwenyewe hilo halina faida. Matoleo ya 2004, 2012 na 2019 yote yana masomo 145, kwa hiyo la mtumba la 2012 linatosha kabisa kwa kazi hii. Kwa anayeanza Kiingereza kabisa kitabu hiki ni kizito. Mwandishi huyohuyo ana chekundu, Essential Grammar in Use. Ukiuziwa fotokopi, angalia kama imetolewa upande mmoja tu wa karatasi, kwani maelezo na mazoezi hayatatazamana tena na utakuwa unafunuafunua kila swali, na hakikisha kurasa za majibu nyuma zimo zote.