Kutoka Moshi kwa baiskeli: Nyumba ya Mungu au Chala?

Anayetaka siku nzima ya kukanyaga pedali kando ya maji aende Nyumba ya Mungu. Bwawa hili lilijengwa miaka ya 1960, pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana kuwa Pangani. Njia za vumbi zinapita vijiji vya wavuvi, na utakula perege wa kukaanga wakiwa wametoka majini muda si mrefu. Ardhi ni tambarare, lakini usidanganyike: jua linachoma, kivuli cha kutafuta, na miiba ya migunga haina huruma na tairi. Beba viraka, pampu na maji mengi, na uondoke alfajiri.

Chala ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, mpaka wa Tanzania na Kenya ukipita katikati yake. Kingo zimesimama wima, kwa hiyo baiskeli unaiacha juu na kushuka kwa miguu. Lami ya Himo inakurahisishia safari, anayeanza itamfaa.

Mimi nachagua bwawa. Huko maji yako ubavuni mwako saa nyingi, na kila kijiji kuna wa kukuambia "pole na safari".