Kozi ya kuzamia Mikindani: mafunzo mazuri, orodha ya mizigo irekebishwe

Kozi yenyewe naipa alama za juu. Orodha ya vitu vya kubeba, ile niliyotumiwa kwenye simu kabla ya likizo, sikuipenda hata kidogo, na ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mtu wa Lindi au Mtwara akiisoma anaweza kuona kuzamia baharini na mtungi wa hewa mgongoni si jambo lake, akaahirisha, na hela aliyoiweka akaila kwa mambo mengine. Ningesikitika sana likitokea hilo.

Mimi ni mkazi wa Lindi mjini, nauza dawa, navaa hijabu, na kuogelea nimejua tangu udogoni. Kozi nilifanyia Mikindani, karibu na Mtwara mjini, kwenye kituo kidogo cha uzamiaji. Jina lake silitaji kwa kuwa nina malalamiko nacho, na malalamiko hayo nimeshawafikishia wenyewe.

Orodha yao inataka pasipoti, viza, bima ya safari, vidonge vya kuzuia malaria, kibadilishi cha plagi ya umeme, dawa ya mbu na nguo za kuogelea pea mbili. Kwa Mjerumani au Mwingereza imekamilika. Kwangu mimi haikuwa na jibu la hata swali moja nililokuwa nalo: nitavaa nini chini ya suti ya kuzamia? Mtandio utakuwaje? Nikitoka majini nitabadilishia wapi? Nilipopiga simu kuuliza, aliyepokea akaniambia, “Dada, njoo tu, tutaangalia.” Mtu aliyeomba ruhusa kazini na kulipa nusu ya ada hajibiwi hivyo.

Basi nawaambia mimi. Suti ya mpira ya milimita 3 utapewa pale, inatosha kabisa kwa maji yetu ya moto. Chini yake vaa taiti ndefu na ile fulana ya kuogelea ya mikono mirefu inayobana, usivae pamba, maana pamba inalowa, inajikunja na kukuchubua kwapani. Kichwani nilivaa kofia ya mpira ya wazamiaji, inayofunika masikio na shingo. Wenyewe huivaa kwa ajili ya baridi, nasi inatusitiri vizuri. Beba dera moja pana la kutupia ukipanda chomboni na kanga mbili. Kanga inakausha, inasitiri, inakinga jua mkirudi, na ndani ya begi haichukui nafasi. Taulo nene niliyobeba ilishinda imelowa.

Kitu kimoja nawasihi mnunue wenyewe, hata kama kila kingine mtaazima: miwani ya kuzamia. Mtungi, jaketi la kuelea, mkanda wenye vipande vya risasi vya kukupa uzito wa kuzama na mapezi, vyote vya kituo vilikuwa sawa. Miwani ni habari nyingine kwa sababu kila uso una umbo lake. Ipime hivi: ibandike usoni bila kupitisha mkanda nyuma ya kichwa, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikiganda, ni yako. Ikidondoka au ukisikia hewa inapenya pembeni ya shavu, rudisha, usidanganywe kwamba ukikaza mkanda itakaa. Ukikaza mno ndipo inapovuja zaidi, na jioni unalala na alama usoni.

Miwani lazima ifunike pua. Zile ndogo za kuogelea zinazouzwa madukani hazifai. Ukishuka mita 10 mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, hewa iliyomo kwenye miwani inasinyaa, na miwani inaanza kukuvuta ngozi ya uso na macho. Dawa yake ni kupuliza kidogo kwa pua. Pua ikiwa nje utapuliza nini? Zile kubwa zinazofunika uso mzima, zenye mrija juu, nazo ni za kuelea tu, usiende nazo kwenye kozi.

Yangu niliagiza Unguja. Miwani mipya huja na utando mwembamba kiwandani, usiposugua kioo kitajaa ukungu hata ufanyeje. Nilipaka dawa ya meno ya kawaida, ile nyeupe, upande wa ndani, nikasugua kwa kidole taratibu, nikasuuza, nikarudia. Kisha kila kabla ya kuingia majini tema mate, pangusa kioo, suuza kidogo tu na maji ya bahari. Wenye hijabu na wenye nywele ndefu, hakikisheni ukingo wa kofia na nywele haviingii chini ya mpira wa miwani. Unywele mmoja unatosha kuleta maji. Wanaume wenye masharubu mazito wanalijua hilo vizuri.

Sasa dawa, hapa naongea kama muuzaji. Utapewa fomu ya afya. Ijaze kwa ukweli: pumu, kifafa, moyo, upasuaji wa masikio au kifua, ujauzito. Ukiwa na “ndiyo” mahali, daktari atakupima na kusaini, hivyo fanya hilo nyumbani mapema, usisubiri kufika Mikindani na begi mkononi. Mafua nayo msiyachukulie poa. Nimeona wateja wakitaka dawa ya kuzibua pua ili wazamie hivyo hivyo. Dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa iliyonaswa kwenye masikio na kwenye mifupa ya uso haipati njia unapopanda, na maumivu yake ni makali. Mwenye mafua apumzike, kozi itasogezwa. Vidonge vya kichefuchefu cha bahari navyo vingine vinaleta usingizi, kwa hiyo mwambie mfamasia kwamba unakwenda kuzamia, na usivijaribu kwa mara ya kwanza siku ya chombo.

Kwenye begi ongeza kitambulisho cha NIDA. Ukizamia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ada ya raia si sawa na ya mgeni. Bei ya kozi wenyewe walikuwa wakiitaja kwa dola, kabla ya katazo la mwaka 2025 la kutaja bei kwa fedha za kigeni, nayo si ndogo. Uliza waziwazi kama kuna bei ya wakazi, na kama kitabu, cheti na ada ya hifadhi vimo. Mimi nilipunguziwa, lakini ni baada ya kuuliza.

Na kabla hujaomba likizo, tazama mwezi, jambo ambalo orodha yao haina kabisa. Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa: bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mkondo unakwenda kasi na maji yanachafuka; maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari inatulia. Mwanafunzi mgeni anataka maji mafu. Kusi ikivuma kweli, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, chombo kinarushwa. Oktoba na Novemba, upepo ukishapoa, ndiyo miezi ninayoipendekeza, ila watu wa korosho watasema huo ndio wakati wao wa mnada, basi wajipange na kaskazi.

Mafunzo? Hapo ndipo kituo kiliponiteka moyo. Mwalimu wangu ni kijana wa pwani hii, anafundisha kwa Kiswahili kilichonyooka, hana haraka. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini alikaa nami barazani sura kwa sura mpaka nikaweza kumweleza yeye. La kwanza alilolisahihisha ni hili la “mtungi wa oksijeni”: ndani mna hewa ya kawaida, hii hii tunayovuta, iliyoshindiliwa. La pili alilirudia kila siku: usibane pumzi. Hewa iliyomo mapafuni inapanuka unapopanda, na aliyebana pumzi anaweza kupasuka mapafu hata kwenye kina cha bwawa.

Mazoezi ya mwanzo tulifanya kwenye maji ya kifuani, juu ya mchanga, kabla ya kuhamia bahari kubwa kwa mizamio minne ya kozi. Zoezi ninaloliona gumu kuliko yote ni la kujaza miwani maji na kuyatoa. Umepiga magoti chini, unainua ukingo, maji ya chumvi yanaingia puani, na mwili wote unakuambia panda. Mwalimu alikaa mbele yangu, uso kwa uso, mkono mmoja umeshika jaketi langu, mwingine unanionyesha: vuta kwa mdomo, toa kwa pua, taratibu. Nikabonyeza juu ya miwani, nikaangalia juu kidogo, nikapuliza, maji yakashuka mpaka chini ya macho, nikapuliza tena, yakaisha. Akanifanyisha mpaka pumzi zangu zikatulia. Yule wa kukuharakisha hapo anakuharibia bahari maisha yako yote.

Tulipofika matumbawe niliona pono wakiyatafuna, na mlio wao wa kukwangua unausikia kabisa. Mkunga alitokeza kichwa shimoni. Palikuwa pia na mahali matumbawe yamelala vipande vipande, na mwalimu alipotuonyesha kwa kidole nilielewa baruti ya kuvulia samaki imefanya nini kwa mboga yetu, kuliko mikutano yote niliyowahi kuhudhuria.

Malalamiko mengine: chumba cha kubadilishia mlango wake haufungi kwa ndani, ikabidi mke wa nahodha anisimamie nje na kanga. Suti za wanawake wenye nyonga ni chache. Chakula cha mchana kilikuwa mikate ya mayai tu. Bora ubebe muhogo wako wa kuchemsha na ndizi, na maji mengi ya kunywa. Oksijeni ya dharura ilikuwepo chomboni, niliomba kuiona na wakanionyesha bila kununa. Nanyi ombeni.

Mkimaliza, msikimbilie ndege. Baada ya kuzamia siku kadhaa mfululizo, ushauri wa wazamiaji ni kukaa angalau saa 18 kabla ya kuruka. Kwa watu wa kwetu naongeza Newala: tambarare ya Makonde iko mamia ya mita juu ya bahari, na kupanda huko mapema ni kama kuruka, kwa hiyo usitoke majini mchana ukapanda gari la Newala jioni. Lala Mikindani. Mimi nililala, asubuhi nikasimama barabarani na kudandia basi la Lindi.

Mwalimu nimemwandikia orodha yangu kwa Kiswahili: dera, kanga, taiti, kofia ya mpira, miwani, NIDA, fomu iliyosainiwa, tarehe za maji mafu. Ameahidi kuituma kwa kila mteja anayepiga simu kutoka huku. Kitasa cha mlango nacho ameahidi, na binti wa dada yangu anakwenda msimu ujao, atakiangalia.