Miaka minne na viti viwili vya Cab

Mama alipokuja kututembelea Milano kutoka Tanga alikizunguka kiti, akakibonyezabonyeza mgongoni, kisha akauliza, "Sasa mto wake uko wapi, mwanangu?" Hakuna, mama. Hicho ndicho nilichokilipia.

Cab, ndilo jina la kiti hiki, ukiitazama kwa mbali utadhani imechongwa kwenye bonge moja la ngozi. Msumari huoni, skrubu huoni, hata miguu imevishwa mpaka chini. Mbunifu Mwitaliano Mario Bellini aliibuni mwaka 1977 kwa ajili ya Cassina, kampuni ya samani ya Italia, na ujanja wote umefichwa ndani: kiunzi chembamba cha chuma, juu yake ngozi nene ya aina inayotengenezewa matandiko ya farasi, halafu zipu nne zinazoshuka upande wa ndani wa miguu, kama buti. Chini ya kikalio kuna bapa la plastiki. Mgongoni ni ngozi tupu iliyovutwa ikakaza. Bellini huyu alipenda kuvalisha vitu. Miaka michache kabla alikuwa ameifunika mashine ya hesabu ya kampuni ya Olivetti, Divisumma 18, kwa mpira laini hadi kwenye vitufe.

Vyangu ni modeli 412, visivyo na mikono (vyenye mikono ni 413), rangi ya kahawia. Nilivinunua mtumba. Miezi ya mwanzo vilikuwa vigumu kama viatu vipya vya shule, na vikilia kidogo ukijigeuza. Baadaye ngozi ikalegea. Sasa ninachokalia mimi kimeshika umbo la mgongo wangu, na mke wangu akikikalia anahama.

Kwa chakula na maongezi marefu mezani, sijapata kiti kinachonifaa zaidi. Kwa kutazama mpira dakika 90, hapana, nenda kwenye sofa. Na Julai ya Milano ukivaa kaptula, mapaja yanaganda. Unainuka kwa sauti ambayo wageni hawaisahau.

Ngozi hii haifichi kitu. Tone la maji lisilofutwa papo hapo linaacha duara, na paka wa jirani ameshaweka sahihi yake mguuni. Kile cha dirishani kimepauka upande mmoja, kosa langu, nilikiacha juani. Mimi alama hizo hazinikeri. Kama zinakukera wewe, tafuta kiti cha mbao.

Kilichonikera ni muuzaji aliyeniapia kwamba vyote vizima. Nilivikalia, nikavinusa, nikalipa, sikuvipindua. Nyumbani ndipo nikaona zipu ya mguu wa nyuma imeng'oka meno na ngozi imeachia kidole kizima. Fundi viatu wa mtaani kwetu aliishona upya, akakataa kabisa kuamini kwamba ni kiti. Kwa hiyo ukipata cha mtumba, kilaze chali, washa tochi ya simu, na ufungue zipu zote nne mpaka mwisho kabla hujatoa pochi.