Vipimajoto vitano, tangi moja la maji ya chumvi: uzoefu wangu hapa Nakuru

Asubuhi ya Julai hapa Lanet, pembeni mwa mji wa Nakuru, ni ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Asubuhi moja ya namna hiyo, mwaka jana, mke wangu alitia vidole kwenye tangi la samaki kutoa kifuniko cha chupa kilichotumbukia, akasema, “Baba watoto, mbona maji haya ni ya kuogeshea mtoto?” Nikamjibu bila hata kuinuka kwamba mikono yake ndiyo ya baridi. Skrini ya kipimajoto changu cha dijitali ilikuwa inaandika digrii 25.4, na siku hizo mimi na skrini tulikuwa tunaaminiana sana.

Nilipokwenda kutazama, samaki wangu wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mishipi mieupe, walikuwa juu kabisa karibu na mdomo wa pampu, wanahema mbio mbio. Kufikia saa nane mchana mmoja alikuwa amelala kwenye mchanga. Jirani yangu anafundisha kemia. Alikuja na kipimajoto cha maabara, kile kirefu cha kioo chenye alama kutoka -10 hadi 110 ambacho kila aliyefanya kemia ya kidato cha nne anakikumbuka. Kikapanda, kikasimama kwenye 30 kasoro kidogo. Skrini yangu haikushtuka: 25 na ushei.

Kilichotokea ni rahisi na kinaniuma mpaka leo. Kile kidude kilikuwa kinashuka polepole tangu Mei. Kila kiliposoma 24 mimi nilizungusha hita juu kidogo, nikilaumu baridi na upepo wa Lanet. Yaani niliwapikia samaki kwa moto wa taratibu huku nikifurahia namba isiyoyumba. Na maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, wakati huohuo mwili wa samaki unaidai zaidi. Ndiyo maana walikuwa juu wakitafuta hewa.

Maji ya bahari ya pwani yetu yenyewe huwa karibu 25 wakati wa kusi na hukaribia 30 mwezi wa Machi na Aprili, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza 30 ina ubaya gani. Baharini joto hupanda kwa miezi, kwenye maji mengi yanayochafuka usiku na mchana. Lita zangu 180 hazina ukarimu huo. Na hata bahari ikizidi kipimo chake cha kawaida cha msimu wa joto kwa digrii moja au mbili kwa wiki kadhaa, matumbawe hupauka; waliokuwa wakipiga mbizi Malindi na Watamu mwaka 1998 walijionea. Mimi nalenga 25 hadi 26. (Kwa wanaonitania kila mara: hapana, siwezi kuchota maji ya Ziwa Nakuru. Yale ni maji ya magadi, si ya bahari, na samaki hawa hawangemaliza saa moja.)

Sasa vifaa vyenyewe. Stika ya kubandika nje ya kioo, ile inayobadilika rangi, niliinunua kwa bei ya soda mbili na ina thamani hiyohiyo. Upande mmoja inahisi kioo, upande wa pili inahisi sebule. Alfajiri ya baridi ilisoma chini kwa karibu digrii mbili, mchana dirisha likipata jua ikasoma juu. Bunduki ya kupimia joto, kama zile za langoni wakati wa korona, nayo inasoma uso wa kitu tu: ukiilenga kioo inakupa joto la kioo, ukiilenga maji inakupa ngozi ya juu ya maji ambayo uvukizi umeipoza. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Kile cha dijitali kilichonidanganya ni cha aina inayouzwa kila mahali: kisanduku kidogo cheusi, waya wa mita moja, na betri ndogo mbili za kidonge. Sitaji jina la kampuni wala duka, maana vile vinavyofanana nacho viko kwa majina kumi. Nilipokifungua niliona kisa chote. Chumvi ilikuwa imepanda na waya kama ukoga mweupe hadi pale waya unapoingia kwenye kichwa, na ndani ya kile kichwa mlikuwa na unyevu. Betri nazo zilikuwa zimechoka, namba zimefifia. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini ile nukta. Kifaa kinachoandika 25.4 kinaonekana kina akili kuliko kinachoonyesha mstari katikati ya 25 na 26, lakini kuandika sehemu ya kumi ya digrii na kuijua ni mambo mawili.

Cha kioo, chenye uzi mwekundu na mpira wa kunyonya ukuta wa tangi, nilikinunua shilingi mia tatu, na sikukitegemea lolote. Kilifika kwa basi uzi wake umekatika katikati, mwanya mdogo kama wa ukucha. Mwanya huo ulikuwa unanipa digrii tatu za bure. Usikitupe kikifika hivyo: kitie kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi nyingi, uzi urudi wote hadi kwenye tone la chini, kisha kitoe kisimame wima kipande polepole. Changu kiliungana mara ya pili. Angalia tu rangi: uzi mwekundu au wa buluu ni spiriti. Wa fedha ni zebaki, na hicho hata ukipewa bure usikiweke, maana siku kikigongwa na jiwe ndani ya tangi umekwisha. Kingine cha kukwepa ni cha kupimia homa. Hicho kimetengenezwa kwa mwili wa binadamu, na 25 hakiijui kabisa.

Kujua kama vinasema kweli ni kwa barafu. Pondaponda barafu ijae kikombe, ongeza maji ya bomba ya kujaza nafasi tu, koroga, tia kichwa cha kipimajoto katikati kisiguse kikombe, ngoja dakika tano. Lazima kisome 0. Mara ya kwanza nilichota maji kwenye ndoo iliyokuwa karibu nami, na ndoo hiyo ilikuwa na maji niliyokwisha kuyachanganya chumvi ya tangi. Vyote vikashuka chini ya sifuri, hata kile cha maabara, nikaanza kumwambia mwalimu kwamba shule yao imeuziwa uchafu. Aliionja ile ndoo kwa ncha ya kidole akacheka: “Bwana, hapa umetengeneza mtambo wa aiskrimu.” Maji yenye chumvi ya kiwango cha bahari huganda karibu na -1.9, si 0.

Halafu nikasema basi tupime na upande wa maji yanayochemka. Sufuria ikatokota, kile cha maabara kikasimama kwenye 94 na kukataa kwenda mbele. Hapo nilijua nimekishika kwa kosa. Kumbe kosa ni la mlima: Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yetu huchemka kwenye 94. Ndiyo maana maharagwe yetu yanakula makaa namna hii. Aliye Kisumu atapata karibu 96. Mwenye kutafuta 100 aende Mombasa. Na vya dijitali vyenye waya usivichemshe hata kidogo.

Kwa kuwa 0 iko mbali na 25, kipimo kinachonisaidia zaidi ni cha chupa ya chai: maji ya uvuguvugu ya kama 25, vipimajoto vyote ndani pamoja na cha maabara, dakika kumi. Cha kioo cha mia tatu kilipitisha nusu digrii tu, na kila nikirudia kinapitisha nusu ileile. Nimekibandika utepe wa karatasi: “toa 0.5”. Kosa lisilobadilika naweza kuishi nalo. Kile cheusi kilikosea tatu, kesho yake nne.

Ushauri bora sikuupata duka la samaki, niliupata kwa fundi wa mashine za kuangulia mayai mjini. Yule hana mchezo na joto, kwa sababu mayai yanataka 37.5 au zaidi kidogo kwa siku 21, na akikosea mteja anarudi na trei nzima. Alinitengenezea kidhibiti chenye kihisi cha DS18B20, ambacho mtengenezaji anaahidi hakikosei zaidi ya nusu digrii kati ya -10 na 85. Alipotaka kunipa chenye kichwa cha chuma nilikataa. Maji ya chumvi hula hata chuma kinachoitwa hakishiki kutu. Akakifunika chote kwa plastiki na gundi ya silikoni. Kinawasha hita maji yakishuka hadi 25.5 na kuizima yakifika 26. Kisha akanifundisha jambo ambalo lilinigharimu samaki kulijua: kitufe cha hita yenyewe kikae 27, ili swichi ya kidhibiti ikiganda siku moja hita ijizime yenyewe. Kihisi nimekiweka ncha ya pili ya tangi, mbali na hita, pale pampu inaposukuma maji. Malalamiko yangu kwake ni mawili: alichukua wiki tatu badala ya siku tatu, na ile taa ya kijani inamulika sebule nzima usiku.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi binti yangu anasoma cha kioo, mimi nasoma skrini, bila kuambiana kwanza. Tukipishana zaidi ya digrii moja, chupa ya chai inatolewa.

Juzi stima ilipotea saa tatu usiku. Skrini ikazimika na hita pamoja nayo. Saa saba nikaamka, nikakimulika cha kioo kwa tochi ya simu, nikatoa ile nusu: 24. Nikalifunika tangi kwa blanketi kuukuu, nikarudi kulala.